Kutetemeka Si Uzee: Barua ya Wazi kwa Mganga Mkuu wa Mkoa Wetu

KWA: Mganga Mkuu wa Mkoa
NAKALA: Waganga Wakuu wa Wilaya, Waganga Wafawidhi, wajumbe wa bodi za afya, na wananchi wenzangu

YAH: WAGONJWA WA PARKINSON NA WENGINE WANAOTETEMEKA KUKOSA UTAMBUZI NA DAWA KATIKA MKOA WETU

Ndugu Mganga Mkuu,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mwalimu mstaafu. Nilifundisha sayansi shule ya msingi kwa miaka 31, na kwa miaka 8 sasa namuuguza mume wangu, fundi seremala, ambaye ana ugonjwa wa Parkinson. Barua hii si ya kwanza kukuandikia. Ya kwanza niliifikisha masjala kwa mkono wangu mwaka jana, ikagongwa mhuri wa kupokelewa. Ya pili niliipeleka miezi minne baadaye, nayo ikagongwa mhuri. Katikati hapo nilitumbukiza karatasi tatu kwenye sanduku la maoni la hospitali, na nikapiga simu mara nyingi hadi kijana anayepokea akawa ananitambua kwa sauti. Jibu halikubadilika: "Mama, suala lako linafanyiwa kazi."

Wazee walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Sisi hatukuyaficha. Tuliyaleta hadi mlangoni kwenu, yakapigwa mhuri, yakawekwa kwenye faili. Ndiyo maana leo naandika mbele ya watu wote.

Siandiki ili kukuvunjia heshima. Najua una zahanati zisizo na maji, una akina mama wanaojifungulia njiani, una kipindupindu kila mvua zikizidi. Lakini nina hakika pia kwamba mengi ninayolalamikia hapa hayahitaji jengo jipya wala mashine mpya, na hilo ndilo linaloniumiza zaidi.

Niruhusu nianze na ugonjwa wenyewe ulivyoingia nyumbani kwetu, maana nimegundua kwamba wengi wa wanaotupokea hospitalini hawajawahi kusimuliwa.

Ulianzia kwenye kidole gumba cha mkono wa kulia. Mume wangu akishika randa, mkono ulitulia na ubao ulinyooka kama siku zote. Jioni akikaa kusikiliza taarifa ya habari, mkono ukiwa pajani hauna kazi, kidole gumba na cha shahada vilianza kusuguana polepole kama mtu anayeviringa tonge dogo la ugali. Baadaye mguu wa kulia ukaanza kuburuta. Vifungo vya shati vikawa kazi ya robo saa. Mwandiko wake ukasinyaa: vipimo vya milango alivyoandika kwenye daftari vikawa vidogo kiasi kwamba kijana wake wa kazi alisoma vibaya akakata mbao pungufu, na mteja akadai fedha zake. Sauti ikashuka. Halafu nikakumbuka jambo ambalo hatukulipa uzito: miaka mitatu kabla ya yote hayo alikuwa ameacha kusikia harufu ya vanishi. Tulidhani ni kazi ndiyo imemharibu pua.

Leo najua kwamba kupoteza uwezo wa kunusa, kufunga choo, na kurusha mikono na miguu usingizini vinaweza kutangulia kutetemeka kwa miaka mingi. Ndani kabisa ya ubongo kuna seli zinazotengeneza kemikali iitwayo dopamini, ambayo ndiyo inayouwezesha mwili kuanzisha mwendo na kuuendesha kwa ulaini. Katika Parkinson seli hizo zinakufa kidogo kidogo. Mpaka mkono unapoanza kutetemeka, sehemu kubwa ya seli hizo imeshapotea. Ugonjwa hausimami hapo, unaendelea mwaka hadi mwaka.

Malalamiko yetu ni haya.

1. Kila anayetetemeka huambiwa ni uzee

Mume wangu alikuwa na umri wa miaka 58 ulipoanza. Kwa miaka mitatu tulizunguka. Tuliambiwa uzee. Tukaambiwa ni malaria iliyojificha, halafu presha, halafu mawazo. Alidungwa sindano za vitamini kwa majuma kadhaa. Hakuna hata mmoja aliyemwambia asimame atembee. Aliyemtambua ni daktari mgeni aliyekuja kwa kambi ya siku mbili. Alimtazama akitoka mlangoni hadi kwenye kiti, akaona mkono wa kulia haupepei kama wa kushoto, akamwambia agonganishe kidole gumba na cha shahada haraka haraka, akamshika kifundo cha mkono na kukizungusha. Dakika kumi zilitosha. Miaka mitatu tuliyokuwa tumezunguka ilijibiwa kwa dakika kumi, bila kipimo chochote cha mashine.

Tangu hapo nimekuwa nikiwatazama watu wanaotetemeka kwenye foleni zenu, na ninachokiona kinanitisha. Si wote wana Parkinson, na hili nalo ni sehemu ya lalamiko langu, kwa sababu wote wanarudishwa nyumbani na neno moja.

Yuko mzee jirani yetu ambaye mikono yake hutulia akipumzika, lakini akipeleka kikombe cha uji mdomoni nusu yake humwagika. Baba yake alikuwa hivyo hivyo, na dada yake pia. Huo ni mtetemeko wa kurithi unaokuja mwili ukifanya kazi, na ni tofauti na wa mume wangu. Kuna dawa inayoweza kuupunguza, propranololi, ile ile mnayowapa baadhi ya wagonjwa wa presha, alimradi daktari ahakikishe kwanza kwamba mgonjwa hana pumu. Mzee huyu amekunywa uji kwa mrija kwa miaka sita.

Yuko binti aliyeanza kukakamaa na kutetemeka baada ya kuanzishiwa haloperidoli kwa ugonjwa wa akili. Ndugu zake walidhani ugonjwa wa akili ndio umezidi. Dawa za kundi hilo huziba njia za dopamini, na mtu huanza kuonekana kama mwenye Parkinson. Naomba nisieleweke vibaya: hakuna anayepaswa kuacha dawa ya akili bila daktari. Lakini daktari aliyeiandika ndiye wa kuliona jambo hili, na dozi au dawa inaweza kubadilishwa.

Wapo wanaotetemeka kwa sababu tezi ya shingo inafanya kazi kupita kiasi: wanakonda, wanatoka jasho, moyo unawaenda mbio. Wapo ambao sukari imeshuka. Wapo walioacha pombe ghafla, na hao wanaweza kupoteza maisha wasipoangaliwa haraka. Wapo wanaotumia dawa za kifafa au za pumu zinazotetemesha mikono. Wapo ambao sehemu ya nyuma ya ubongo imeathirika: ukimwambia mmoja wao aguse pua yake, kidole hutikisika zaidi kadiri kinavyokaribia. Kijana wa miaka 20 na kitu anayetetemeka anaweza kuwa na maradhi ya kurithi yanayofanya madini ya shaba yajikusanye kwenye ini na ubongo, maradhi yanayotibika yakiwahiwa na yanayoua yakipuuzwa. Hawa wote mtawaandikia "uzee"?

Wala jambo hili si geni nchini mwetu. Wilayani Hai, mkoani Kilimanjaro, watafiti waliwatafuta wagonjwa wa Parkinson katika jamii yenye watu zaidi ya 160,000, na matokeo yakachapishwa 2008. Waliwapata 33. Walio wengi kati yao walikuwa hawajawahi kutambuliwa wala kutibiwa. Walikuwa majumbani mwao, wakiamini au wakiaminishwa kwamba ndivyo mtu anavyozeeka. Miaka imepita tangu wakati huo, na katika mkoa wetu hakuna aliyetuhesabu.

2. Dawa ipo leo, kesho haipo

Dawa kuu ya Parkinson ni levodopa iliyochanganywa na kabidopa. Ubongo huigeuza levodopa kuwa dopamini, na kabidopa huilinda isiishie njiani kabla ya kufika. Si dawa ya jana. Ilianza kuwainua wagonjwa vitandani katika miaka ya 1960, na Arvid Carlsson wa Uswidi, ambaye utafiti wake juu ya dopamini ulifungua njia, alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2000. Imo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Haiponyi, wala haizuii seli kufa, lakini humrudishia mtu mwili wake kwa saa kadhaa kila siku.

Ngoja nikueleze saa hizo. Mume wangu humeza kidonge saa 12 asubuhi, saa 5 asubuhi, saa 10 jioni na saa 3 usiku. Baada ya dakika 40 hivi anafunguka. Nyumbani tunasema hivyo, "baba amefunguka". Anavaa shati mwenyewe, anatembea hadi karakana, anawaelekeza vijana namna ya kuunga fremu. Zikipita saa tatu au nne anaanza kufunga tena: miguu inagandama sakafuni kama imegongelewa misumari, na mlangoni ndiko hugandama zaidi. Kidonge kikichelewa nusu saa, tunaona. Akila nyama au maharage mengi pamoja na dawa, tunaona. Maisha yetu yote, kanisani, sokoni, msibani, tunayapanga kwa saa hizo nne.

Sasa fikiria dirisha la dawa likisema "hakuna, kanunue nje."

Mimi ni mwalimu, nina daftari. Mwaka jana, katika hospitali tunayohudhuria, levodopa ilikosekana miezi mitano kati ya 12. Miezi miwili kati ya hiyo haikuwepo hata kwenye maduka ya dawa ya mjini. Ilipopatikana, vidonge vya mwezi mmoja vilikula zaidi ya nusu ya pensheni yangu. Mara moja ilibidi mtoto wetu atume vidonge kwa basi kutoka Dar es Salaam, ndani ya bahasha, nikamsubiri konda stendi saa 7 usiku. Nimekata vidonge nusu kwa wembe ili vifike Ijumaa. Nimeamua, mimi nisiye daktari, dozi ipi ya siku aikose mtu niliyeishi naye miaka 36. Kuikatisha dawa hii ghafla kunaweza kumletea mgonjwa homa kali na kukakamaa kwa mwili wote, na watu hufa kwa hilo. Nililisoma hilo usiku ule ule niliokuwa nimekata vidonge.

Katika miezi hiyo ya ukame, jirani mwema aliniletea unga wa mbegu za upupu. Usimcheke. Mbegu za upupu, huu huu unaowawasha watoto wanaochunga, zina levodopa ndani yake, na wanasayansi wamelifahamu hilo muda mrefu. Lakini mbegu hii haifanani na ile, na jikoni kwangu hakuna mizani ya kupima dozi ya ubongo wa mtu. Sikumpa. Nilikaa nao mezani hadi usiku wa manane nikiutazama, huku nikisikia kitanda kikitikisika chumba cha pili.

Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa 2023, nasi tuliifurahia. Kadi haimezwi, Ndugu Mganga Mkuu. Kama kidonge hakipo dirishani, kadi ninayo na mgonjwa amefunga.

3. Wodini hatuulizwi

Miaka miwili iliyopita mume wangu alianguka, akavunjika nyonga, akalazwa. Vidonge vyake vilichukuliwa vikafungiwa kabatini, vikatolewa kwa saa za wodi badala ya saa zake. Nilieleza, nikaambiwa utaratibu ndio huo. Baada ya upasuaji akatapika, akachomwa metoklopramidi. Kila mtaalamu wa maradhi haya anajua kwamba dawa hiyo ya kuzuia kutapika huziba dopamini na haitakiwi kwa mwenye Parkinson. Zipo nyingine zinazomfaa zaidi, kama domperidoni. Akachomwa mara ya pili, na ya tatu. Siku ya tatu hakuweza kumeza mate yake mwenyewe.

Aliyemwokoa ni muuguzi mmoja kijana wa zamu ya usiku. Nilimwonyesha daftari langu, akalisoma lote akiwa amesimama, akaenda kumwamsha daktari. Saa 12 asubuhi kidonge kilitolewa. Sitamtaja jina ili asije akapata matatizo kwa wema wake, lakini akisoma hapa ajue kwamba namwombea.

Sidhani kama kulikuwa na nia mbaya. Hakukuwa na maandishi yoyote mbele ya faili yanayosema huyu ni mgonjwa wa Parkinson, apewe dawa kwa saa hizi, asipewe dawa hizi. Karatasi moja tu.

4. Ukimya wenu unawaachia watu maneno yao

Parkinson huondoa tabasamu. Misuli ya uso hukakamaa, na mtu mwenye furaha huonekana amekasirika. Mume wangu ameambiwa ana majivuno. Bodaboda wamekataa kumbeba saa 3 asubuhi wakisema mzee amelewa. Hayo tunayavumilia.

Lakini mitaa miwili kutoka kwetu kuna mjane anayetetemeka, asiyetabasamu, anayetembea polepole akiinamia mbele, na wajukuu wamekatazwa kula chakula alichopika. Unajua maana yake. Katika nchi ambayo vikongwe wameuawa kwa sababu tu macho yao yamekuwa mekundu kwa moshi wa kuni, daktari anayemwambia bibi "nenda nyumbani, ni uzee" amemrudisha mahali ambako wengine wana jina jingine la hali yake. Jina la ugonjwa, likitamkwa na mtu mwenye koti jeupe mbele ya ndugu, lingemlinda.

Wanaume wa rika la mume wangu walimshangilia Muhammad Ali alipopigana Kinshasa mwaka 1974. Miaka 10 baadaye aliambiwa ana Parkinson, na 1996 dunia ilimwona akiwasha mwenge wa Olimpiki Atlanta huku mkono ukitetemeka. Hakuna aliyesema amelewa. Nilimweleza mjane huyu habari hiyo mbele ya wanawe. Mmoja wao aliuliza, "Ina maana ni ugonjwa kweli?" Kumbe hakuna aliyekuwa amewahi kuwaambia.

5. Mazoezi ya viungo

Hili ni fupi. Mazoezi ya kutembea, kugeuka, kunyoosha mwili na kupaza sauti huwasaidia wagonjwa hawa kutoanguka na kuendelea kusikika. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo yupo hospitalini, na ni mtu mwema. Hakuna anayeandikiwa kwenda kwake mpaka avunjike mfupa.

Ndugu Mganga Mkuu, naijua lugha ya ofisi, kwa hiyo acha nijibu mapema.

Mtasema wagonjwa ni wachache. Wachache ni waliohesabiwa. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2019 watu zaidi ya milioni 8.5 duniani walikuwa na Parkinson, na idadi ilikuwa imeongezeka maradufu ndani ya miaka 25. Vifo vya mwaka huo vilikadiriwa kuwa 329,000. Watu wetu wanaishi miaka mingi kuliko wazazi wao, na Mungu ashukuriwe, lakini ugonjwa huu unaongezeka kadiri umri unavyosogea. Tutakuwa wengi mtake msitake.

Mtasema hatuna daktari bingwa wala mashine. Mwaka 1817 daktari wa London, James Parkinson, aliandika maelezo ya ugonjwa huu kutokana na watu sita tu, na baadhi yao aliwaona wakipita njiani. Hakuwa na mashine. Alikuwa na macho, na aliwapa watu wale muda wa kuwatazama. Wagonjwa wetu wanapita mbele ya madirisha ya hospitali zenu kila siku ya soko.

Mtasema dawa haiagizwi kwa sababu haitumiki. Hapa ndipo ninapokosa usingizi. Daktari haiandiki kwa sababu anajua dirishani haipo. Mfamasia haiagizi kwa sababu haioni ikiandikwa. Mgonjwa akinunua nje, hakuna karatasi hospitalini inayoonyesha kwamba alikuwepo. Mwisho wa mwaka takwimu zinaonyesha mahitaji ni sifuri, na sifuri hiyo ndiyo mnayoniletea kama jibu.

Mtasema hauponi. Kisukari kinapona? Presha inapona? Wenye VVU wanapewa tarehe ya kurudi kwenye kadi, na dawa zao zinafika hadi zahanati za mbali. Ni kazi ambayo nchi hii ina haki ya kujivunia. Tumeshajifunza namna ya kumfikishia mtu dawa ya maisha yake yote. Naomba ujuzi huo huo ututazame na sisi.

Na mkisema ni suala la Taifa, nakubali kwa nusu. Mei 2022 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulipitisha mpango wa miaka 2022 hadi 2031 wa kifafa na magonjwa mengine ya mfumo wa fahamu, na mojawapo ya malengo yake ni kwamba asilimia 80 ya nchi ziwe zinatoa dawa muhimu za magonjwa haya kwenye huduma za ngazi ya msingi. Wizara ina sehemu yake. Lakini fomu ya kuagiza dawa ya hospitali yetu hujazwa hapa hapa mkoani, kwa kalamu ya mtu unayemsimamia wewe.

Tunaomba yafuatayo:

(a) Levodopa na kabidopa iagizwe kwa hospitali ya mkoa na kila hospitali ya wilaya, na akiba isishuke chini ya mahitaji ya miezi mitatu. Ikikaribia kuisha, wagonjwa waambiwe mapema kwa simu, tusikute habari dirishani.

(b) Kila hospitali ya wilaya ifungue rejista ya wanaotetemeka, iandike aina ya mtetemeko na dawa anazotumia mtu. Majina na siri zao zitunzwe, idadi itangazwe.

(c) Waganga na wauguzi wa wilaya wapewe mafunzo, hata ya siku moja: kumtazama mtu akitembea, akiandika, akigonganisha vidole, akishika kikombe, kuuliza dawa zote anazotumia, kupima sukari na tezi, na kujua ni nani wa kumpa rufaa haraka. Bingwa kutoka hospitali ya rufaa anaweza kuendesha mafunzo hayo akija kwenye kambi.

(d) Faili la kila mgonjwa wa Parkinson liwe na karatasi ya onyo mbele: saa za dawa zake, na dawa asizotakiwa kupewa. Nimeshaiandika rasimu, ni ukurasa mmoja, nitawapa bure.

(e) Siku moja kwa mwezi itengwe katika kliniki ya magonjwa yasiyoambukiza kwa ajili ya wagonjwa hawa, mtaalamu wa mazoezi ya viungo akiwepo.

(f) Wahudumu wa afya ngazi ya jamii wapewe maneno machache ya kuwaeleza ndugu, wakianza na kaya zenye wazee wanaonyoshewa vidole. Hili la mwisho lisisubiri bajeti.

Naomba jibu la maandishi lenye tarehe: lini dawa itakuwepo, na ni nani anayewajibika. Neno "linafanyiwa kazi" naomba lisitumike tena.

Tutakuja ofisini kwako mimi na mume wangu Jumatatu ya kwanza ya mwezi ujao. Tutafika saa 2 asubuhi, kwa sababu saa hiyo kidonge cha alfajiri kinakuwa kimemfungua, na ikifika saa 4 anaanza kufunga. Ofisi yako iko ghorofa ya pili na ngazi ni nyembamba. Naomba tupokelewe chini, kwenye chumba chochote chenye kiti cha mikono, na wahusika wa dawa wawepo. Usimwambie akae mara moja. Mwache kwanza atembee kutoka mlangoni, umtazame.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Mwalimu mstaafu, mke wa mgonjwa